Njia ya Mwongo, Mita Kumi na Sita

Baba yangu alisamehewa kosa ambalo hakulitenda, na watu wakapiga makofi. Makofi yale nayasikia hadi leo, na hadi leo yananichoma. Watu huniambia nimeze, kwamba ni mambo ya zamani, kwamba mkokoteni wenyewe umeshaoza. Simezi. Mtu aliyesamehewa bila kosa hana hata pa kusimama akajitetea, maana akifungua mdomo tu anaonekana hana shukrani.

Baba alikuwa mchukuzi wa mizigo Kilindoni, mji wa bandari kisiwani Mafia. Alivuta mkokoteni wa magurudumu mawili kutoka bandarini kwenda madukani tangu sijazaliwa, na kwa mkokoteni huo alinisomesha mpaka nikawa mwalimu wa fizikia katika sekondari ya hapo hapo. Wachukuzi wa Kilindoni walikuwa na sheria moja iliyozidi zote: ukisimama, mikono chini. Mkokoteni una mikono miwili mirefu ya mti kwa mbele, ile anayoishika mvutaji. Ukisimama, hata kama ni kwa kupangusa jasho tu, unaishusha mikono ile mpaka iguse ardhi, mzigo unaegemea mbele, na mkokoteni hauendi popote. Aliyeuacha mkokoteni wake ukielea juu ya magurudumu aliitwa mzembe, na mzembe alifutwa kwenye daftari la wachukuzi. Nusu ya wachukuzi wale walifundishwa sheria hiyo na baba. Akimwona mtu amesahau, alikwenda kuishusha mikono mwenyewe bila kusema neno, na mtu huyo hakusahau tena.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua limeshakuwa kali. Baba alikuwa amepandisha mifuko minne ya unga kutoka bandarini, ameumaliza mlima, amefika pale penye tambarare mbele ya duka la mwenye mzigo. Akashusha mikono, akasimama ubavuni kulegeza kamba. Kutoka upande wa sokoni ikaja pikapu ya mnunuzi wa pweza, tupu, inawahi barafu iliyokuwa inashushwa bandarini. Ikauvaa mkokoteni uso kwa uso. Bampa iliingia chini ya mbao, vitu viwili vikashikamana vikawa kimoja, na pikapu ikausukuma mkokoteni kinyumenyume huku magurudumu yake yamefungwa na breki yakiilima barabara ya kifusi. Mkono mmoja wa mkokoteni ulikatika ukampiga baba mguu chini ya goti, na mfupa ukavunjika.

Mimi nilikuwa darasani. Nilipofika, baba alikuwa amelazwa juu ya mfuko wa unga uliopasuka, amekuwa mweupe nusu kwa unga, anauma meno. Dereva alikuwa amesimama na kundi la watu, anaeleza. Alisema alikuwa anakwenda mwendo wa ishirini, taratibu kabisa, mara akaona mkokoteni unamjia wenyewe, hauna mtu, mikono iko juu. Alifunga breki, lakini mkokoteni ndio uliomfuata. Hivyo ndivyo alivyosema, na kwa kuwa yeye alikuwa amesimama na baba alikuwa amelala, maneno yake ndiyo yaliyotangulia mjini. Mpaka adhuhuri Kilindoni nzima ilijua kwamba yule mzee aliyewafundisha wenziwe kushusha mikono hakuishusha ya kwake. Mpaka alasiri walikuwa wameshaanza kumhurumia. Uzee, walisema. Umri ukifika, mtu husahau.

Mwenye duka aliyeagiza unga ule aliona kila kitu kutoka kwenye kiti chake cha nyuma ya kaunta. Familia yake ya Kihindi ilikuwa Kilindoni kabla ya babu yangu kufika kutoka Bweni, na baba alimbebea mizigo tangu wote wawili ni vijana. Nilimwendea jioni ile. Aliniambia bila kuzungusha kwamba mikono ilikuwa chini. Nikamwomba aje aseme hivyo mbele za watu. Akaangalia rafu zake, akasema mali yake inakwenda vijiji vya Kanga na Bweni kwa magari ya yule yule mnunuzi wa pweza, na kwamba mimi ni msomi, nitaelewa. Nilielewa. Kuelewa hakukunizuia kutamani kumwaga dukani kwake kila kilichokuwa kwenye rafu zile.

Askari aliandika maelezo ya pande zote mbili, lakini mnunuzi wa pweza, tajiri wa pikapu, na mwenyekiti wa wachukuzi waliomba mambo yamalizwe mtaani, kwa kikao. Baba alikubali akiwa hospitalini, mguu umefungwa hogo kutoka kwenye unyayo hadi juu ya goti. Hakuwa na hamu ya mahakama. Alichotaka kilikuwa kidogo kuliko mahakama, na kwa maoni yangu kilikuwa kikubwa zaidi.

"Mwanangu, nilishusha mikono," aliniambia.

Nikamwambia najua.

"Wewe unajua kwa sababu ni mwanangu. Nataka ajue asiyekuwa mwanangu."

Kwa hiyo nilikwenda barabarani. Mashahidi wa mdomo walikuwa wamefunga midomo, lakini barabara haina tajiri. Michirizo ya magurudumu ilikuwa bado iko pale, mifereji miwili kwenye kifusi, imeanza ghafla na kuishia pale ambapo pikapu ilisimama. Nilichukua tepu ya wifi yangu, fundi cherehani, nikainama katikati ya barabara saa nane mchana nikapima. Vijana wa kijiweni wakaniuliza kama naishonea barabara kanzu au shumizi. Sikuwajibu. Mita kumi na sita. Kwa miguu, hatua ishirini na moja.

Lazima nieleze hesabu yenyewe, maana hasira yangu yote imekaa juu yake, na ni hesabu ambayo mtu yeyote aliyewahi kusukuma kitu kizito anaweza kuifuata. Ina sehemu mbili, na unaianza mwisho ukirudi mwanzo.

Gari likiwa limefunga magurudumu, halisimamishwi na dereva tena. Linasimamishwa na barabara. Msuguano baina ya mpira na kifusi ndio unaokula mwendo, kidogo kidogo, mpaka uishe. Ukijua barabara ina nguvu gani ya kushika, na ukijua gari limeburutika mita ngapi, unajua lilianza kuburutika kwa mwendo gani. Ili kuijua nguvu ya kushika, nilitafuta tairi kuukuu la gari, nikalijaza mchanga katikati na kulifunga gunia, nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akipimia pweza pwani. Tairi na mchanga wake vilikuwa kilo ishirini. Nikaifunga mizani kwa kamba, nikaliburuta tairi juu ya kifusi kile kile, tena na tena, nikiangalia mshale. Ulikuwa unacheza kwenye kumi. Maana yake barabara ile inashika kwa nusu ya uzito wa kinachoburutwa. Kwa msuguano huo na mita kumi na sita, vile vitu viwili vilivyoshikamana vilianza safari yao kwa mwendo wa kilomita kama arobaini na tano kwa saa.

Huo ni mwendo baada ya kugongana. Sasa rudi nyuma hatua moja, kwenye pigo lenyewe. Chukua uzito wa kitu, uzidishe kwa mwendo wake: fizikia inasema jumla hiyo haipotei kitu kikigonga kitu. Inagawanywa tu. Pikapu pamoja na dereva wake ilikuwa kilo elfu moja na mia tano, na uzito wa gari uliandikwa kwa rangi ubavuni, kila mtu aliuona. Mkokoteni na mifuko minne ulikuwa kilo mia tatu. Pikapu ilipouvaa mkokoteni, ilibidi iugawie mwendo wake, na yenyewe ikapungua. Kwa hiyo kabla ya kugawa ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi. Ukikokotoa unapata karibu kilomita hamsini na tano kwa saa, mbele ya maduka, penye watu.

Nilihakikisha mara tatu. Nikasema labda nimemwonea, labda barabara ilikuwa na vumbi zaidi siku ile, nikaipunguza nguvu ya kushika mpaka ikawa kama mizani inasoma nane badala ya kumi. Bado alikuwa karibu na hamsini. Kisha nikageuza hesabu nikampa kile alichokidai mwenyewe, mwendo wa ishirini. Kama angekuwa anasema kweli, pikapu na mkokoteni vingeburutika mita mbili na kidogo vikasimama. Hatua zisizofika tatu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa hatua ishirini na moja, na alama zake ziko barabarani.

Nilimsomea baba hesabu ile pale kitandani. Hakupita darasa la nne, lakini alikuwa amevuta mizigo kwa miaka arobaini na mwili wake ulikuwa unajua habari hizi kabla ya vitabu vyangu. Alinisikiliza amefumba macho.

"Kwa hiyo mwendo haupotei," alisema. "Unagawanywa."

Nikasema ndivyo. Akafikiri, kisha akaniuliza swali ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha nne hawakuwahi kuniuliza. Alitaka kujua ingekuwaje kama dereva anasema kweli kwamba mkokoteni ulikuwa unamjia. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu hiyo ya pili palepale. Mkokoteni unaokuja mbele yako unakupunguza, kwa sababu sehemu ya mwendo wako inaishia kuuzuia. Kama ulikuwa unamjia, na bado akausukuma kinyumenyume mita kumi na sita, basi alikuwa anakimbia zaidi ya hamsini na tano. Baba akauliza zaidi kiasi gani. Nikasema kidogo, kilomita moja au mbili, lakini zaidi, si pungufu. Akafumbua macho akaangalia dari. Naamini alicheka, japo kwa ndani.

Sasa nije kwenye ujinga wangu, maana sina haki ya kuwakasirikia wengine nikajiacha mwenyewe.

Sisi walimu wa sekondari tunafundisha fizikia kwa Kiingereza. Baba hakuhitaji maneno makubwa, kwa hiyo kwake niliongea kama binti yake. Kwa kikao nilitaka kuongea kama mwalimu. Nilitaka waone kwamba hili ni jambo la kisomi, si hasira za mtoto wa mgonjwa. Katika ofisi ya walimu kulikuwa na kijitabu kuukuu cha istilahi za sayansi, nikakifungua, nikatafuta jina la sheria ile kwa Kiswahili. Nikalipata, nikaliandika kwa kalamu nene juu ya karatasi kubwa ya manila, nikalipigia mstari: Kanuni ya Uhifadhi wa Momenta.

Asiyekuwa Mafia miaka ile haoni kosa langu. Ile ilikuwa miaka ya hifadhi ya bahari. Hifadhi ilikuwa imeshaingia, na pamoja nayo mikutano, na katika kila mkutano kanuni. Kanuni za nyavu, kanuni za maeneo, kanuni za vibali. Mimi binafsi niliona haja yake, nilishaona matumbawe yaliyovunjwavunjwa na sikupenda nilichokiona. Lakini wachukuzi wale wote walikuwa na ndugu wavuvi, na wengi wao walikuwa wavuvi wenyewe upepo ukiruhusu, na kila neno la hifadhi walilisikia kama mlango unaofungwa. Na kanuni, kwa Kiswahili chetu, ni ya fizikia na ni ya serikali, neno ni lile lile.

Kikao kilikaa chini ya banda la wachukuzi. Tajiri wa pikapu aliletewa kiti, wachukuzi walikaa kwenye mabenchi, dereva alisimama nguzoni. Baba hakuweza kuja, kwa hiyo mdomo wake ulikuwa mimi. Nikaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, nikakunjua karatasi yangu. Nikawaambia kwa sauti ya darasani kwamba kilichotokea barabarani kinatawaliwa na kanuni ya uhifadhi, na kwamba kanuni hiyo haimwonei mtu wala haimpendelei mtu.

Mzee mmoja wa Kanga, mchukuzi wa siku nyingi na rafiki wa baba, alisimama polepole.

"Mwalimu, kanuni za hifadhi tumezizoea baharini," alisema. "Zimeshapanda na nchi kavu?"

Watu walicheka, lakini kicheko chenye uchungu. Mwingine akauliza kama kuanzia sasa mikokoteni nayo itakatiwa vibali. Mwingine, na huyu hakuwa anatania hata kidogo, akataka kujua kama mzee amegongwa kwa sababu alipita eneo lililozuiwa. Nikasema hapana, hapana, si hifadhi ya bahari, ni uhifadhi wa momenta. Sauti kutoka nyuma ikauliza momenta ni samaki gani. Banda zima likaangua kicheko.

Nilikuwa nimesimama na manila mkononi, mwalimu mzima, jasho linanitiririka, na nilihisi baba ananiponyoka. Nikajaribu kurukia sehemu ya barabara, ile waliyokuwa wanaifahamu kwa miguu yao. Nikasema tuyaache hayo ya kwanza, jambo lenyewe hapa ni msuguano. Mwenyekiti akainua mkono haraka. Alisema kwa upole kabisa kwamba hapana, mwalimu, hapa hatukuja kutafuta msuguano, tumekuja kutafuta suluhu. Watu wakaitikia naam, naam. Kijitabu changu cha istilahi kilikuwa kimenipa maneno mawili tu, na yote mawili yalikuwa yameshachukuliwa na watu wengine kwa kazi nyingine.

Nilikunja karatasi yangu nikakaa. Ningeweza kuwaambia watoke nje tukaliburute tairi wote pamoja. Ningeweza kumwita yule mzee wa Kanga aushike mkokoteni wa kilo mia tatu aniambie ni mwendo gani unaoweza kuusukuma kinyumenyume hatua ishirini na moja ukiwa mikono imeshuka ardhini. Angelijua jibu kabla sijamaliza swali. Nilitaka kuonekana msomi, nikalipia, na aliyelipa hasa alikuwa amelala hospitalini.

Dereva aliulizwa, akarudia hadithi yake kwa ufupi. Hakuna aliyemuuliza swali. Mwenyekiti akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Akasema mzee wetu ni mtu wa heshima, amekitumikia chama miaka mingi, na kusahau ni kwa binadamu. Kwa sheria za wachukuzi angefutwa. Lakini kwa umri wake na kwa mguu wake, kikao kinamsamehe. Akaandika kwenye daftari na kusoma alichoandika: mzee amesamehewa kwa kutoshusha mikono. Hapo ndipo walipopiga makofi. Walipiga kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Walidhani wametenda wema. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, husemwa, na hawa walimnyonga wakafurahi kwamba wamemlegezea kamba.

Nilimweleza baba bila kuficha, pamoja na samaki aitwaye momenta. Nilidhani atacheka, au atanikaripia. Aligeuka akaangalia ukuta mpaka nikaondoka.

Sisi watu wa pwani tuna dawa yetu ya ugomvi, inaitwa yaishe. Mgomvi na mgomvi mwenziwe wanakutanishwa, wanapeana mikono, kila mmoja anamwomba mwenzake radhi, na mambo yanaisha. Ni dawa nzuri kwa majirani waliogombania ndoo. Kwa aliyegonga na aliyegongwa ni matusi, kwa sababu inawasimamisha kwenye mizani moja kana kwamba wana uzito sawa. Lakini ni desturi, na baba alirudi nyumbani, na siku ya tatu walikuja kumfanyia yaishe.

Walikuja wawili, mwenyekiti na dereva, na kilo mbili za sukari kama wanavyokwenda watu kumwona mgonjwa. Mwenyekiti alikuwa na daftari kwapani, maana suluhu huwekewa sahihi. Nikawatandikia mkeka ukumbini kando ya kitanda cha kamba alichokuwa amelalia baba. Wakamjulia hali, akawaambia alhamdulillahi. Mwenyekiti akasema maneno yake ya heri. Kisha dereva akapiga goti moja karibu na kitanda, akanyoosha mkono, akasema mzee, kama nimekukosea nakuomba radhi. Na mwenyekiti akamgeukia baba kwa macho, kumpa zamu yake. Niliziba mdomo wangu kwa upande wa khanga, maana nilikuwa karibu kusema jambo ambalo lisingefaa mbele ya mgeni.

Baba hakuupokea mkono. Wala hakuukataa. Aliuangalia ukiwa hewani.

"Binti yangu amenipigia hesabu mbili," alisema. "Moja, mkokoteni umesimama. Ya pili, mkokoteni unakujia kama unavyosema. Zote mbili ulikuwa unakimbia mno, lakini ya pili ulikuwa unakimbia zaidi. Ukweli wako unakufunga kuliko wangu. Sasa chagua ipi ilikuwa, ili nijue nakuomba radhi ya nini."

Dereva alinitazama mimi. Nikamwambia, bila neno hata moja la kijitabuni, kwamba kitu kinachokujia hukupunguza, na kwamba yeye hakupunguzwa, alikwenda mita kumi na sita. Aliposikia hizo mita alijua kwamba nilikwenda kupima. Mkono wake ulishuka wenyewe ukakaa pajani. Alikuwa mtu wa makamo, ana watoto, ana tajiri asiyependa barafu ichelewe. Nilimwona anafikiri yote hayo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile sikumchukia sawasawa. Alizungumza huku anauangalia mkeka.

"Ulikuwa umesimama, mzee. Mikono ilikuwa chini."

Mwenyekiti alianza kukohoa. Baba akamwambia daftari analo, basi aandike. Mwenyekiti akaeleza kwa heshima zote kwamba maneno ya kikao hayafutwi, yameshapita, yana mashahidi, kilichoandikwa kimeandikwa. Baba akasema asifute. Aandike chini yake.

Mwenyekiti alichukua muda mrefu kuliandika jambo fupi lile. Aliuliza tarehe. Akauliza kama umesimama ni neno moja au mawili. Dereva akatia sahihi, baba akatia sahihi, kisha wakapeana mikono, na baba akasema yaishe, kwa kuwa ndivyo mtu husema. Mwenyekiti alipotaka kulifunga daftari, baba akamwomba kwanza nilisome.

Nikalichukua. Mstari wa juu ulikuwa ule wa siku ya kikao, kwa wino mzito, mzee amesamehewa kwa kutoshusha mikono. Chini yake kulikuwa na mstari mpya, kwa herufi ndogo. Nikausoma kwa sauti: mkokoteni ulikuwa umesimama.

Baba alisubiri. Alidhani bado nasoma.

"Na gari?" aliuliza.

Nikageuza ukurasa, nikaurudisha.

"Gari halimo, baba."